Jeki Iliyonukia Mawese

Baba hulala chini ya gari kama wengine wanavyolala mkekani baada ya chakula cha mchana: ametulia, miguu imejitokeza nje, kandambili zimepangwa pembeni. Gari lenyewe ni pikapu kuukuu anayoletea ndizi na kabichi kutoka Kalinzi, na barabara ya kule milimani hailirudishi zima mara mbili mfululizo. Kila wiki kuna bolti ya kukaza au bushi ya kubadilisha, ile raba ya kwenye maungio ya vyuma. Hapo uani kwetu Ujiji alikuwa akilinyanyua kwa jeki ndogo ya kuzungusha iliyokuja na gari, kisha analiegemeza juu ya gogo.

Mwaka jana jeki ile ilizama. Uwanja wetu ni mchanga mtupu. Baba alikuwa ametoka chini kwenda kunywa maji, na alikuwa bado ameshika kikombe gari lilipoinama polepole, bila kishindo. Gogo likalala ubavu, na chuma kikakaa pale pale kifua chake kilipokuwa.

Baba alimaliza maji yake. "Limechoka kusimama," akasema.

Mimi sikucheka. Mimi ni mtu wa kufikiria jambo mpaka lichakae, na tangu siku hiyo nilifikiria jambo moja tu. Nilikuwa nimemaliza chuo, nafundisha kwa kujitolea shuleni Gungu, na kila niliposikia chuma kikigonga chuma barabarani, mkono wa kushika chaki ulisimama ubaoni.

"Baba, nitakununulia jeki ya magurudumu," nilimwambia. "Ile ndefu inayosukumwa chini ya gari, inapanda kwa kupiga mpini."

"Chagua wewe. Si ndiyo maana tulikusomesha?"

Shahada yangu ni ya jiografia. Sikumkumbusha.

Nilisoma kila nilichokipata kwenye simu, nikaandika daftarini. Uzito ambao jeki inaweza kubeba. Inashuka chini kiasi gani ili iingie, inapanda juu kiasi gani ili ifae. Ukurasa mzima niliandika sentensi moja kwa herufi kubwa: jeki inanyanyua tu, haishikilii, kinachoshikilia ni stendi, vile vigoda vya chuma vya miguu minne. Kisha nikachukua uzi, nikaupima kutoka ardhini hadi kwenye chesisi ya pikapu, nikafunga fundo. Nikafunga la pili juu zaidi, pale gari linapotakiwa kufika ili baba apate nafasi ya kugeuza mabega. Uzi huo nilitembea nao kwenye pochi kwa wiki mbili.

Duka la vipuri Gungu linaendeshwa na mama mmoja mnene, mcheshi, ambaye hainuki kitini ila kwa sababu maalumu. Alikuwa na jeki mbili. Moja mpya, nyekundu, nyepesi. Nyingine kuukuu, rangi imebabuka, magurudumu ya chuma, nzito kama mtu aliyekataa kuondoka. Hiyo aliiweka barazani juani.

Nilipofika mara ya tatu na uzi wangu, akamwita fundi wake aliyekuwa nyuma ya duka. "Njoo umwone dada wa kamba. Dada, unanunua jeki au unaposa?"

"Ningekuwa naposa ningeshamaliza, mama."

"Basi mpe mkono huyo jeki, aseme ndiyo."

Fundi akaisukuma jeki mpya chini ya pikapu ya mteja, pacha wa gari letu. Ilipofika mwisho wake, fundo langu la juu lilikuwa bado liko vidole vinne juu ya chesisi. "Tunaongezea kipande cha ubao juu," fundi akasema. Nilitikisa kichwa. Ubao juu ya jeki ndio gogo lile lile kwa jina jingine.

Akaleta ile kuukuu, akanipa mpini.

Sijui nilitarajia nini. Labda kutoka jasho. Niliusukuma mpini chini kwa mkono mmoja, na gari likapanda upana wa kidole. Nikasukuma tena. Ng'ambo ya mpini kulikuwa na injini, milango, tairi, magunia mawili ya mkaa, na vyote vilinisikiliza, mimi ambaye huhema nikibeba ndoo ya maji. Ndani ya silinda isiyozidi ukubwa wa mchi wa kinu, mafuta kidogo yalikuwa yakifanya kazi ya wanaume kumi. Niliacha kupiga mpini, nikasimama tu. Tairi ilikuwa inaning'inia.

"Ameganda," mama muuzaji akasema. "Mpe kiti."

Jeki ilifika fundo la pili na ikalipita. Tuliliacha gari juu muda wa kunywa chai, nikachora alama ya chaki kwenye mkono wa jeki, na alama haikushuka. Mtu mwingine angelipia na kuondoka.

"Nitarudi kesho alfajiri," nikasema.

"Kufanya nini tena?"

"Baba hutengeneza gari baada ya swala ya asubuhi. Nataka kuiona saa hiyo."

Mama alimtazama fundi, fundi akatazama chini. Lakini kesho yake duka lilikuwa wazi. Upepo wa ziwani ulikuwa mkali, watu wote wamejifunga mashuka na khanga mabegani. Nilipoushika mpini, ulikuwa mgumu kama unasonga ugali. Jeki ilipanda kwa kushtuka, ikakwama, ikapanda tena. Fundi alikunja uso. Akafungua kizibo cha mafuta, akachovya kidole, akakinusa, akampelekea mama kidole kile kile.

Mama akanusa. Akafunga macho. "Maharage," akasema.

Yalikuwa mawese, yale tunayopikia maharage. Mwenye jeki wa kwanza alipoishiwa mafuta yake alijazia yale yaliyo katika kila nyumba ya Kigoma. Juani yalikuwa laini, jeki ikafanya kazi vizuri. Baridi ya asubuhi ikayagandisha kama yanavyoganda kwenye chupa jikoni. Sisi watatu tuliinama juu ya chuma kile, na harufu ya mboga ya nyumbani ilitoka mahali ambapo baba yangu angeweka maisha yake.

"Nilikuita wa kamba," mama akaniambia taratibu. "Nisamehe." Kisha kwa fundi: "Ifumue yote. Raba mpya, mafuta yake halisi. Atakuja kuijaribu asubuhi tena."

Nilikwenda asubuhi mbili. Mara hizo mpini ulishuka laini, na ndipo nikaichukua, pamoja na stendi mbili.

Nyumbani nilitandika mbao nene juu ya mchanga, nikaiweka jeki, nikapiga mpini mwenyewe. Pikapu ikapanda. Nikasukuma stendi juu ya mbao zile zile, nikalishusha gari mpaka likazikalia. Baba akaja, akalipiga kikumbo kwa nyonga, kwa nguvu, mara tatu. Halikutikisika. Akavua kandambili.

Kwa mafundi wa mtaani kwetu, anayeingia chini ya gari haachwi kimya. Lazima mtu akae kando amzungumzishe mpaka atoke, ili akinyamaza ijulikane. "Haya, nizungumzishe," baba akasema, na akateleza chini.

Nilitazama nyayo zake zilizopasuka.

"Binti, upo?"

Nikamsimulia habari ya mawese. Nyayo zikaanza kutikisika kwa kicheko. Chuma juu yake hakikusogea hata unywele.

"Ingia uone," akasema, akajisogeza kwenye mkeka aliolalia kuniachia nafasi.

Nilitazama stendi na mbao zilizo chini yake. Nikavua viatu. Chini kule kulikuwa na ubaridi na udongo mwekundu wa Kalinzi umeganda kila pembe, na gari zima limesimama juu yetu kwa utulivu, karibu na pua yangu. Nilipumua. Baba alinielekeza bushi kwa ncha ya spana.

Mama yangu alivuta kigoda na ungo wake wa dagaa, akaketi karibu na miguu yetu.

"Leo nina minne ya kuzungumza nayo," akasema. "Nani ananijibu kwanza?"

"Mimi," nikasema.