Simba Watatu wa Baba

Baba hakuwa mwindaji. Alikuwa na minazi yake hapa Mkwaja, basi. Lakini miaka ile ya hamsini walikuwako simba madume watatu waliotembea pamoja, naye akawafuatia habari zao kama mtu mwenye ndugu safarini. Wanawake wakitoka kuni, wagema wakishuka minazini, lazima wapite barazani kwake waseme: wameonekana wapi, wameelekea wapi, wote watatu? Mmoja alichechemea, mmoja sikio lilikatika. Watu walimuuliza baba kabla ya kushika njia. Majina ya watu wa kisa hiki ninayo yote kichwani, ila nayaacha, wajukuu zao wapo.

Siku ya arusi yangu mwalimu wa chuoni alikwisha kuipigia nyota, kuona kama ina heri. Ilikuwa hiyo tu. Ikipita, Ramadhani hiyo inaingia, na watu wa bwana arusi walikuwa wakitoka Pongwe kwa lori, kisha wamalizie kwa miguu.

Asubuhi ya siku hiyo mgema akaja mbio. Mimi niko ndani na hina yangu, nasikia.

"Mzee, simba watatu, njia ya juu, karibu na kisima."

"Wana manyoya ya shingoni?"

"Haba."

"Basi majike hao. Madume wangu wako ng'ambo ya mto Msangazi."

"Mmoja achechemea, mzee!"

"Kwani jike hachomwi na mwiba?"

Simba wa pwani hii hata dume manyoya yake haba, na baba alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Lakini siku ilikuwa ni hiyo. Akatuma mtu awaambie wageni njia ya juu ni salama.

Karibu na adhuhuri tulingoja vigelegele, tukasikia mayowe. Wale simba walikuwa wamelala njiani. Hawakumgusa mtu, waliinuka tu, na kuinuka kwao kulitosha. Masinia yalimwagwa, sanduku la nguo zangu likatupwa kichakani. Mama yake bwana arusi, mtu mzima, alipita kwenye miiba, kanga zikabaki huko. Akaingia uani kwetu kichwa wazi, na gauni la ndani, akakutana uso kwa uso na baba aliyesimama mlangoni kuwapokea.

Baba akageukia ukuta.

"Karibuni, wakwe," akauambia ukuta.

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamvuta yule mama chumbani, nikamfunika kanga zangu mpya. Alihema, akanitazama.

"Mwanangu, baba yako akiniambia kesho jua litatoka, mie n'tangoja nione."

Nikajua ameniita mwanangu, arusi ipo. Lakini shoga zangu waliangua kicheko, nami sikujua pa kuutia uso.

Ukafika wakati wa kuoza. Baba hakutaka kukaa mbele ya wale watu. Akampa ami yangu uwakili wa kuniozesha, yeye akaenda nyuma jikoni kupasua kuni za wapishi. Ami alilitaja jina langu vizuri. Alipofika "binti wa" na kulitaja jina la baba, mtu mmoja huko barazani akanguruma kama simba. Baraza zima likacheka, hata bwana arusi nikamsikia.

Kule nyuma shoka likanyamaza. Halikusikika tena mpaka wageni walipomaliza kula.