Kwenda Laela na Bunduki Isiyolenga

Niliondoka bondeni Jumatatu asubuhi kwa sababu bunduki yangu ilikuwa haipigi ninapoilenga, na nyati niliyemjeruhi kwa bunduki hiyo alikuwa amejificha kwenye matete kando ya mashamba ya mpunga. Wiki ya kuvuna ilikuwa imefika na hakuna aliyethubutu kuingia shambani. Siku nne kabla, nyati huyo, akiwa na risasi yangu pajani, alimkuta Paulo kwenye njia ya kisimani akamrusha juu. Paulo ni jirani yangu, mgane wa makamo, na nyumba yake ndiyo ya mwisho kabla ya kituo changu. Alivunjika mbavu tatu. Watu waliokwenda kumpa pole walimlaani nyati mpaka wakachoka. Mimi hakuna aliyenilaani, na hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Mimi ni askari wa wanyamapori, Bwana Nyama kwa wanakijiji, wa kituo cha mtu mmoja. Nilipompigia simu mkubwa wangu aliniambia wenzangu wote wako upande wa Kate, wanahangaika na tembo. "Huko Laela kuna mama mmoja fundi," akasema. "Mpelekee bunduki, kisha urudi umalize kazi yako."

Saa moja asubuhi nilipanda Fuso la mpunga, nikakaa juu ya magunia. Bunduki niliizungushia shuka, bolti yake, chuma kinachosukuma risasi, nikaitia kwenye begi, na barua ya ruhusa mfuko wa shati. Gari lilipanda ukingo wa mlima kwa gia ya kwanza, kona baada ya kona, na kila tulipogeuka bonde lilizidi kuwa chini. Nilitafuta kituo changu, nikakiona: bati moja, limejitenga na mabati mengine. Nimekaa pale miaka mitatu. Mke wangu anafundisha Iringa na watoto wako naye, tunaonana likizo. Nilikuwa sijawahi kukiona kituo kutoka juu namna ile, na sikupenda nilichokiona.

Mchana tulifika Sumbawanga. Upepo wa Ufipa mwezi wa sita hauna adabu, unapita ndani ya koti na kutokea upande wa pili. Nilipita polisi nikaonyesha barua, nikanywa chai ya moto stendi, kisha nikapanda basi la Tunduma. Kondakta aliutazama mzigo wangu.

"Bwana, hilo gitaa unapiga nyimbo gani?"

"Za msiba," nikamjibu. Alicheka, akaniweka kiti cha nyuma kabisa. Viwili vya jirani vikabaki vitupu mpaka nashuka.

Saa tisa na nusu nilikuwa Laela. Kando ya barabara wanunuzi walikuwa wanapima mahindi, na kila niliyemuuliza fundi wa bunduki alinielekeza kwa fundi cherehani. Ni mtu yuleyule. Mama Skolastika alistaafu jeshini baada ya kutunza ghala la silaha kwa miaka mingi, na sasa ana cherehani mbele ya nyumba na meza ya bunduki chumba cha ndani. Leseni yake ameitundika ukutani karibu na picha ya Bikira Maria.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka bondeni, nakuona vumbi. Tatizo nini?"

"Haipigi ninapolenga. Nalenga bega, risasi inakwenda pajani. Nikizungusha kitufe cha darubini ya kulengea kidogo, kesho inakwenda kwingine."

"Ukazungusha tena?"

"Nikazungusha tena."

"Ulikuwa unaifukuza risasi iliyokwisha kwenda," akasema, akavua kanga ya begani na kuchukua ufunguo.

Alipiga simu polisi kuwaarifu, tukaenda kwenye shimo la kokoto nje ya mji. Alisimamisha katoni hatua mia moja, amechora duara kwa mkaa. Bunduki akailaza juu ya mfuko wa ulezi, akalala chini na sketi yake bila haya, akapiga tatu. Moja ilitoboa kona ya juu, ya pili chini kulia, na ya tatu hatukuiona kabisa. Nilinyoosha mkono nizungushe kitufe cha darubini akaupiga kofi.

"Acha! Bunduki inayotawanya risasi hairekebishwi kwa kitufe. Kuna kitu kinacheza. Kwanza tutafute kinachocheza."

Jioni, mezani kwake, alitafuta. Alibana skrubu za kitako, hazikusogea. Akapitisha kipande cha karatasi kati ya mbao na mtutu, kikapita hadi mwisho bila kukwama, kumaanisha hapo pazima. Kisha akafika kwenye kikalio, kile chuma kinachoishika darubini juu ya bunduki. Alivaa miwani, akanisogezea taa.

"Tazama vichwa vya skrubu hizi. Vimetafunwa. Nani anaifungua darubini?"

"Pikipiki, mama. Njia zetu mbovu, mtikisiko..."

"Mtikisiko unalegeza. Hautafuni vichwa kwa ncha ya kisu." Aliweka bisibisi chini. "Kila ukiitoa na kuirudisha, haikai palepale. Unywele mmoja hapa, kule risasi inakosa kwa kiganja kizima. Nimekuuliza, nani?"

Nilikuwa nimesafiri kutwa nzima na uongo huo, na sikuwa na mwingine. "Mimi," nikasema.

Nikamweleza yote, hata mbavu za jirani yangu Paulo. Siku moja Paulo alipita kituoni akaomba atazame kwa darubini ng'ombe wake walioko mlimani. Sikutaka mtu amwelekezee mtu au mnyama mtutu kwa ajili ya kutazama tu, kwa hiyo nikaifungua darubini kwa kisu, nikampa mkononi. Alitazama muda mrefu. "Wapo," akasema, "wote saba." Nikamletea kigoda, tukazungumza mpaka jua likazama. Kesho yake akarudi. Kuanzia hapo ilikuwa kila jioni, na ikifika saa kumi na moja mimi ndiye niliyekwenda kuifungua kabla hajaomba. Nilijua darubini haifunguliwi hovyo. Kwenye mafunzo tuliambiwa. Lakini kabla ya hapo ilipita miezi mizima bila mtu kukaa na mimi, na nilidhani siku nikisema haifunguki, nitabaki na redio.

Mama Skolastika hakunikemea, nami nilitamani anikemee. Alitoa skrubu mpya kwenye kopo la maziwa, akasafisha matundu kwa spiriti, akatia gundi ya skrubu na kukaza moja moja kwa zamu. "Ilale mpaka asubuhi," akasema. Tulikula ugali wa ulezi na migebuka wa Kasanga. Alikuwa ameandaa sahani tatu kwa mazoea, akarudisha kabatini ile ya mtu ambaye hayupo tena.

Jumanne asubuhi, shimoni, alipiga tatu. Zote zilikaa pamoja, juu kidogo ya duara. Sasa ndipo alipozungusha kitufe, akahesabu kwa sauti, akapiga tatu nyingine. Kifuniko cha soda kingezifunika. Akanipa na mimi nipige, nikapata palepale.

"Bunduki yako nzima," akasema. "Na darubini haifunguki tena bila kupashwa moto. Huyo jirani ukimwambia hivyo, atakuja?"

"Sidhani, mama."

"Basi kamwambie hata hivyo. Mbavu zilizovunjika ni zake."

Jumatano alfajiri, tayari nikiwa bondeni, niliingia kwenye matete na wanaume wawili wa kijiji wakifuata nyayo zake. Tulimkuta nyati amesimama, mguu mmoja hautaki kukanyaga, na macho yake yakanitazama mimi. Nilipumua, nikaweka alama ya darubini begani, nikavuta. Alianguka papo hapo. Wanaume walipiga kelele za furaha; mimi nikainama kutazama jeraha la pajani, maana risasi hii ya leo ndiyo iliyostahili kuwa ya kwanza. Kufikia saa tatu wavunaji walikuwa shambani.

Jioni ile nilikwenda nyumbani kwa Paulo. Katika miaka mitatu sikuwahi kuvuka mlango wake, ni yeye tu aliyekuwa akija. Alilala kwenye mkeka ameegemea ukuta, chungu kimoja, kikombe kimoja. Nilikaa chini nikamwambia yote: skrubu, kisu, kila jioni niliyoifungua darubini, na jinsi nyati alivyopigwa pajani kwa sababu hiyo. Nikamwambia pia haitafunguka tena, kwa hiyo ng'ombe wake hataweza kuwaona.

Alicheka kidogo akashika mbavu.

"Ng'ombe gani, Bwana Nyama? Niliwauza kabla ya mvua, mke wangu alipougua."

"Na wale saba?"

"Nilikuwa natazama mawe. Ningekuja kukaa kwako kwa sababu gani? Wewe mtu wa serikali."

Nilishindwa kumtazama usoni. Nilichojifunza safari hii sikukipata Laela, ingawa Laela nilijifunza jinsi ya kukaza skrubu. Wanaume wawili tulishindwa kuambiana kwamba tunataka kukaa pamoja, tukatafuta kisingizio, na kisingizio hicho kikavunja mbavu tatu. Ningeweza kumwambia tu akae, siku ile ya kwanza, na darubini ingebaki mahali pake.

Nikamwomba Paulo msamaha. Akasema maji yamekwisha mtungini, na yeye hawezi kuinama. Nikauchukua mtungi, nikaenda kisimani.