Darasa Lililonisikia Nikipigwa

Mwaka niliohamishiwa shule ya msingi huko kijijini, upande wa Bunda unaopakana na Butiama, ndio mwaka nilioanza kusoma shahada kwenye tawi la chuo lililoko Musoma. Masomo yetu yalipangwa kwa njia mbili. Jumamosi tulisoma mtandaoni, kila mtu akiwa alipo, na mwisho wa muhula tulikusanyika chuoni Buhare kwa wiki nzima kufundishwa ana kwa ana. Kwa hiyo miezi ya mwanzo wenzangu niliwajua kwa sauti tu. Kulikuwa na dada mmoja, mwalimu wa sekondari Bunda mjini, ambaye kila akiongea ulisikia jogoo wake nyuma. Nilimpenda kwa sababu ya huyo jogoo.

Nyumba za walimu hazikuwa na mtandao wa kutegemea. Ukitaka kusikiliza kipindi bila sauti kukatikakatika, ulipanda majabali yaliyo nyuma ya shule. Wachunga ng'ombe wa pale walishanizoea. Wakiniona juu na nyaya masikioni walisema mwalimu yuko shuleni kwake.

Jumamosi ninayoizungumzia ilikuwa zamu yangu kuwasilisha kazi ya kikundi. Somo lilikuwa upimaji na tathmini. Mhadhiri wetu, mama mtu mzima tuliyemwita Daktari, hakupenda mtu anayechelewa, basi nikapanda mapema, jua likiwa bado kali. Nilisimama, kwa sababu nikikaa mtandao ulipotea. Nikawa nageuka huku na huku kutafuta upande unaoshika vizuri. Nilipoitwa nikaanza kueleza kwamba kundi letu tumegawana kazi, kwamba mimi niliyeko Bunda ndiye nitakayeanza, na wenzangu wa Butiama watapokea nitakapoishia.

Sikujua kwamba chini ya jabali kuna watu wananisikiliza.

Usiku wa kuamkia siku hiyo ng'ombe walikuwa wameibwa kijiji cha mbali, na wanaume wa huko walikuwa wakifuata nyayo tangu alfajiri. Nyayo ziliwaleta mpaka kwetu. Hawakunijua, wala mimi sikuwajua. Walichokiona ni mgeni amesimama juu ya jiwe, anaangaza pande zote, anaongea peke yake habari za kundi na watu wa Butiama watakaopokea.

Rungu la kwanza lilinipata nyuma ya goti. Nilianguka kifudifudi na jiwe likanipokea mdomo. Nilisikia meno yakivunjika kabla sijasikia maumivu. Nilipojaribu kugeuka, mtu alinikanyaga shingo, na fimbo zikaanza kushuka mgongoni, hazina mpangilio, kama watu wanaopura mtama kila mmoja kwa haraka yake. Niliinua mkono kujikinga kichwa. Rungu likaushukia mkono huo, nao ukapinda mahali ambapo hapana kiungo.

Waya wa masikioni ulichomoka, na sauti ya Daktari ikatoka kwenye simu wazi kabisa. Alikuwa hajaelewa. Alisema nimeanza kusikika vibaya, nisogee kidogo, niendelee tu, wako wengi wananisubiri.

Kulikuwa na mmoja wao aliyevaa koti la mvua la kijani. Aliwatazama wenzake.

"Mmesikia?" alisema. "Wako wengi."

Nikapigwa upya, safari hii kwa hasira ya watu waliopata ushahidi. Nilipiga kelele kwamba mimi ni mwalimu, niko darasani, hiyo ni sauti ya mwalimu wangu. Damu ilikuwa imejaa mdomoni na maneno yalitoka kama ya mlevi. Ndipo Daktari alipoelewa. Nilimsikia akipaza sauti wamwache huyo, ni mwanafunzi wake. Mwenye koti aliinamia simu.

"Wewe mama, unakaaga wapi?"

"Niko Musoma. Huyo ni mwalimu, jamani, muulizeni jina."

"Ng'ombe zetu huwa zinapelekwaga Musoma," alisema mwingine, akanipiga teke la mbavu. Simu wakaibamiza juu ya jiwe. Kioo kilipasuka, lakini haikuzimika.

Kutoka hapo darasa zima lilisikiliza. Sikuliwazia darasa hata kidogo. Nilikuwa naomba. Mtu mmoja alisema nikatwe mguu nisije nikakimbia, na panga likapita kwenye shavu la mguu wangu wa kulia. Halikuuma wakati ule. Nilihisi tu kitu cha moto kinatiririka kuelekea kwenye kiatu. Mwenye koti alinigeuza chali, akaniwekea goti kifuani, akawa ananiuliza ng'ombe wako wapi, na kila nikifungua mdomo alinizaba kofi kabla sijajibu, kana kwamba jibu halikuwa na kazi.

Aliyeniokoa ni yule dada wa Bunda. Zamani alifundisha shule moja na mwalimu wangu mkuu, na namba yake alikuwa nayo. Alimpigia palepale, huku simu yake nyingine ikiendelea kunisikia. Mwalimu mkuu alikuja na mwenyekiti wa kijiji kwenye pikipiki moja, wakapanda jabali wakipiga kelele kwamba huyo ni wetu. Fimbo zilisimama. Mwenye koti aliondoa goti lake, akajipangusa mikono kwenye koti.

"Tusamehe, mwalimu. Tulijua ni mwizi," alisema. Kisha akawageukia wenzake. "Nyayo zimeelekea Butiama. Twendeni, tunachelewa."

Wakashuka, wakaondoka kwa mwendo wa haraka, mmoja nyuma ya mwingine. Mwenyekiti hakuwazuia. Nadhani hata mimi ningekuwa yeye nisingewazuia, kwa jinsi nilivyoziona zile sura.

Hospitalini nilishonwa mguu na mdomo, mkono ukafungwa hogo la plasta. Baada ya siku chache mwalimu mkuu alikuja kunitazama, akakaa muda mrefu bila kusema jambo la maana, akinisimulia habari za mitihani. Nilimuuliza kuna nini. Akasema jioni ileile, kwenye njia iendayo Buhemba, wale watu walimkuta kijana mchimbaji wa dhahabu anarudi kwao kwa miguu. Hakuwa na ng'ombe. Alikuwa na sururu na begi la nguo. Walimuua hapo barabarani, na waliomwokota walisema uso haukutambulika, mama yake alimtambua kwa kovu la kifundo cha mguu.

Niligeukia ukutani. Nilikuwa nimeshawakubalia wazee wa kijiji cha walionipiga, waliokuja na mbuzi kuomba tuyamalize nyumbani. Wakati wananiomba walijua kuhusu yule kijana, na hawakunitajia.

Wiki ya ana kwa ana ilipofika nilikwenda Buhare nikitembelea gongo. Niliingia darasani, hakuna aliyenijua, nikakaa nyuma karibu na dirisha. Daktari alianza kuita majina. Alipofika kwangu nikasema, "Nipo."

Vichwa vyote viligeuka. Neno hilo moja lilitosha. Dada mmoja aliyekaa mbele akafunika uso kwa kitenge chake, nikajua ndiye yule wa jogoo. Wakati wa mapumziko walikuja mmojammoja kunishika mkono, na wengi hawakuweza kunitazama machoni. Walikuwa wamenisikia nikilia kabla hawajawahi kuniona nikicheka. Jamaa mmoja wa Musoma mjini aliniambia kwamba siku ile alikuwa sebuleni na mkewe, na mkewe alimwomba azime simu, lakini yeye hakuzima. Alisema kwa upole kabisa. Nilitamani kumpasua mdomo kwa lile gongo. Nilishaliinua kidogo kutoka sakafuni, na nadhani aliliona, maana alirudi nyuma hatua moja. Sikuwa nimewahi kutaka kumuumiza mtu kiasi kile, na yeye hakuwa amenikosea chochote.

Mchana Daktari aliniita ofisini. Vipindi vya mtandaoni vilikuwa vinarekodiwa ili waliokosa wasikilize baadaye, na kile cha siku ile kilirekodiwa chote.

"Nilikiondoa usiku uleule," aliniambia. "Lakini sijakifuta. Ni chako. Ukisema nifute, nafuta mbele yako. Ukikitaka, nakupa."

Nilimwomba anisikilizishe. Alifunga mlango, akakaa upande wangu wa meza. Nilijisikia nikitaja mada kwa sauti ya kujiamini, kisha vishindo, kisha mtu anayeomba asiuawe. Nilisema nina watoto wadogo. Sina mtoto hata mmoja. Nilimsikia mwenye koti, sauti yake iko wazi kama amekaa nasi pale ofisini, na mwisho kabisa akisema nyayo zimeelekea Butiama. Daktari alikuwa analia bila sauti. Mimi sikulia. Nilimwambia anipe rekodi, nitaipeleka polisi.

Mwalimu mkuu alinionya kwamba nitaendelea kuishi na watu hawa. Alikuwa sahihi. Wanaume kadhaa walipokamatwa, akiwemo mwenye koti, nyumba yangu ilipigwa mawe na ndugu zao mchana kweupe, wanafunzi wangu wakitazama. Jiwe moja lilipita dirishani likapindua sufuria la maharage jikoni. Nilirudisha mbuzi. Kabla ya muhula kwisha nikapewa uhamisho wa kwenda Musoma.

Kesi ya kuuawa kwa yule kijana ilisikilizwa Musoma, nami niliitwa kutoa ushahidi. Rekodi ilichezwa mbele ya watu. Mwenye koti, ambaye sasa alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, aliangalia chini muda wote. Nilidhani nitafurahi. Sikufurahi.

Tulipotoka, mama mmoja mwembamba alinifuata uani na kunishika kiwiko. Alijitambulisha kuwa ni mama wa yule kijana mchimbaji. Aliniuliza kama bado nasikia maumivu, nikamwambia mguu tu, wakati wa baridi.

"Mwanangu, kabla hawajakupiga, walikuuliza jina?"

"Hapana, mama."

Alirekebisha khanga yake begani.

"Basi na wangu hawakumuuliza," alisema. "Nilikuwaga nawaza labda alijibu vibaya."

Nilimsindikiza mpaka stendi kwa mwendo wangu wa kuchechemea, na yeye akapunguza mwendo ili tuende sawa. Njiani alinisimulia mwanawe alivyokuwa: mvivu wa kuamka, mwepesi wa kucheka, hodari wa kuimba kanisani. Nilimsikiliza mpaka gari lake lilipojaa.