Mwalimu Aliyekula kwa Kitu cha Bure

Nilipokuwa naishi Iringa nilifanya kazi kwenye chumba kimoja pale Mlandege, pamoja na mwalimu mstaafu wa hesabu. Kazi yetu ilikuwa kuweka Linux kwenye kompyuta za shule na ofisi ndogo. Linux ni mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta. Yeyote anaruhusiwa kuuchukua, kuunakili, hata kuubadilisha.

Wateja walicheka. "Sasa Mwalimu, kama ni bure, ninyi mnakula nini?"

"Mfumo chukua bure," alijibu. "Ukitaka nije niuweke, niwafundishe watu wako, na nirudi mkikwama, hapo ndipo unanilipa."

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na fundi mwingine. Yeye aliweka mfumo wa kulipia, lakini nakala za wizi, kwa bei ndogo kuliko nauli yetu. Watu walijaa mlangoni kwake. Sisi tulikaa tukiota jua, maana baridi ya Juni pale haina utani. Nilimchukia yule fundi kwa moyo wangu wote.

Siku moja akaja Sista, mkuu wa shule ya wasichana njia ya Idodi. Kompyuta alizotengenezewa na yule fundi zilikuwa zimejaa virusi, na mitihani ya muhula ilikuwa imepotea. Tukaenda naye. Tulifanya kazi siku tatu, jioni tukirudi kulala nyumba ya wageni ya shule tumejaa vumbi hadi kwenye nyusi. Sista akatupa mkataba wa kuzihudumia kompyuta zake mwaka mzima, na shule nyingine zikafuata.

Miezi michache baadaye yule fundi akavuka barabara. Akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Kamwene, Mwalimu," alisalimia kwa Kihehe.

"Kamwene. Karibu ndani."

"Wateja wamenikimbia. Nimekuja kuomba unifundishe."

Mimi nikakohoa makusudi. Mwalimu akamvutia kiti.

Alipoondoka nililipuka. "Mwalimu, unagawa riziki yetu!"

"Mimi nilifundishwa na watu wa kwenye intaneti ambao sijawahi kuwaona," akasema. "Wala hawakuniuliza nitawalipa nini. Huyu nimnyime kwa lipi? Acha ajue kazi, tushindane kwa kazi."

Wakashindana kweli. Fundi alikuwa mwepesi na mwenye maneno matamu, akatunyang'anya shule mbili. Mwalimu naye akajibu kwa kuandika mwongozo wa Kiswahili ambao hata mhasibu wa parokia aliuelewa. Lakini mmoja akikwama, alimwita mwenzake. Mchana mmoja, wale wawili wakibishana mbele ya kioo kimoja cha kompyuta, chai ikipoa pembeni, ndio ninaoukumbuka zaidi. Wakati ule niliona ni kelele tu.

Baadaye nilihamia Mbeya, nikafungua ofisi yangu, nikawa nahudumia vikundi vya wakulima wa kahawa. Mwaka jana nikapigiwa simu kwamba Mwalimu amefariki. Nilipofika msibani, yule fundi ndiye aliyekuwa anapanga viti uani. Tulisalimiana, macho yake mekundu.

"Dada, shule zake zote nimezipigia simu," alisema. "Nimewaambia wasihangaike, tutakuja."

"Tutakuja nani?"

"Mimi na wewe. Kwani kuna mwingine?"

Baada ya maziko tulikaa kwenye benchi tukapanga ratiba. Siku hizi kila muhula napanda basi kwenda Iringa, na fundi hunipokea stendi akiwa na begi la vifaa.