Dawa Inayonuka Yai Viza

"Huyo hata akirudi na cheti, atakuwa amekiokota stendi." Hayo aliyasema baba yangu mdogo kijijini kwetu Issuna, nilipoondoka kwenda Mwanza kubeba magunia ili nijilipie shule. Nilirudi na stashahada ya famasia. Siku ya kwanza kazini, Kintinku, nilifungua stoo ya dawa nikapanga makopo peke yangu mpaka jioni. Hakuna ndugu aliyekuja kuona.

Baadaye nilihamishiwa hospitali iliyo karibu na kwetu. Nawaambia vijana mlioko famasi leo: stoo yangu haikuwahi kupwaya. Hata dawa isiyoulizwa na mtu niliiagiza na kuitunza.

Ndiyo maana alipoletwa mama mmoja mchuuzi wa kuku, Mganga Mfawidhi alinifuata mwenyewe. Jino lilikuwa limemtesa huyo mama safarini. Kila kijiji alichonunua kuku alinunua na vidonge, rangi mbalimbali, majina mbalimbali, akavimeza pamoja akiamini vinasaidiana. Vyote vilikuwa parasetamo.

"Asetilisisteini unayo?"

"Ipo, mkuu."

Parasetamo kwa kipimo chake ni dawa njema. Ini huigeuza, na sehemu ndogo yake huwa sumu. Ndani ya seli za ini mna kinga iitwayo glutathioni, ambayo huinasa sumu hiyo kabla haijadhuru. Vidonge vikizidi, kinga huisha, sumu hushambulia mitambo ya seli, na seli hufa. Asetilisisteini huliongezea ini malighafi ya kutengeneza kinga mpya. Lakini lazima iwahi, maana seli iliyokwisha kufa haifufuki.

Ugumu ulikuja kesho yake. Kichefuchefu alichokuja nacho kilikata, mama akajiona mzima. Hicho ndicho kipindi ini huharibika kimyakimya. Kuku wake walikuwa kwenye matenga uani, na basi la Dar lilikuwa karibu kupita. Akasukuma kikombe cha dawa, maana asetilisisteini hunuka kama yai viza.

"Kaka, mimi nauza na mayai. Yakinuka hivi, natupa."

Wodi nzima ikacheka.

"Ukipanda basi leo, kuku watafika Dar bila mwenyewe," nikamwambia.

"Na nikibaki watakufa humo kwenye matenga. Ndio ada za wanangu hao."

Nikasema kuku nitawalea mimi. Akaziba pua, akanywa. Akaendelea kunywa mchana na usiku, mpaka dozi ikaisha.

Kuku niliwafungulia kwenye nyumba ya watumishi niliyopewa na hospitali, wakaingia hadi chumbani. Nilipotoka kazini nilisikia fujo ndani kabla sijafungua mlango. Katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kurudi nyumbani nikakuta sauti.

Vipimo vya ini lake vilipanda, vikasimama, kisha vikashuka. Akaruhusiwa, akaja kuchukua kuku wake. Alipomaliza kuwafunga alichungulia sebuleni, akaona kiti kimoja.

"Kaka, hapa unaishi na nani?"

"Na kazi."

Akacheka, akidhani natania. Akaondoka na matenga yake.

Sasa nimestaafu. Nimejenga Utemini, nyumba ya vyumba vinne na bati la rangi, kwa jasho langu mwenyewe. Bado naamka alfajiri, nanyoa ndevu, navaa shati lililopigwa pasi, nafunga vifungo vyote. Kisha nakaa sebuleni.