Mikwaruzo ya Gari la Kaka

Watu wanajua sana kusafisha vioo vya magari. Kucha hushuhudia ujuzi huo kila asubuhi anapofungua banda lake la mabati, linalotazamana na lango la wakaguzi wa magari. Yupo aliyesugua kioo cha mbele kwa dawa ya meno, kwa kuwa kioo nacho kina meno. Yupo aliyetumia majivu, kwa sababu bibi yake alisugulia masufuria majivu na masufuria hayakuwahi kulalamika. Na yupo bingwa wa mabingwa, aliyeona doa moja la utomvu wa mti akalishambulia kwa stiliwaya ya jikoni. Sasa doa halionekani. Barabara pia haionekani.

"Nimejaribu kidogo nyumbani," husema wote.

"Naona," hujibu Kucha.

Jina hilo alipewa na wateja kwa ajili ya ukucha wa dole gumba la kulia, ambao huuacha urefuke. Huupitisha polepole juu ya mkwaruzo. Ukipita bila kukwama, mkwaruzo ni wa juujuu, na unga wa waridi wa kung'arishia, maji, drili yenye kisahani cha kitambaa kizito, pamoja na subira, vitautoa. Ukikwama, mkwaruzo umeingia ndani, na anayeung'ang'ania atachimba kioo mpaka kibonyee, dereva aone barabara imepinda mahali iliponyooka. Madoa ya maji ya chumvi huyalainisha kwa siki. Lami na utomvu huvikwangua kwa wembe uliolazwa.

Miaka kumi na tano ya kazi hii imempa mabega mapana, vidole vyenye rangi ya waridi isiyotoka kwa sabuni yoyote, na kitu kimoja cha thamani: wakaguzi wa ng'ambo ya barabara wanamwamini. Gari likikataliwa kwa sababu ya kioo, wanalielekeza kwake. Akisema kioo kimepona, hawakiangalii mara ya pili. Karibu wateja wake wote hutoka kwenye lango lile. Siku likimpa kisogo, banda lake litafaa kufugia kuku.

Alhamisi moja, saa nne asubuhi, kaka yake akaingia uani kwa honi.

Kaka huyu ni mtoto wa kwanza, cheo pekee ambacho hajawahi kufukuzwa. Ukoo mzima unamwita Bosi, ingawa hajapata kuajiri hata paka wa kukamata panya.

"Mdogo wangu! Toka uone mambo!"

Kucha akatoka. Mambo yenyewe yalikuwa gari la zamani la kijivu, lililopakwa nta mpaka nzi anateleza.

"La nani?"

"Msikie! La kaka yako. Jumatatu linakaguliwa, Jumanne naanza kubeba wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni. Wameniahidi wenyewe. Kuna katatizo kadogo tu, vioo vina mikwaruzo."

"Kadi ya gari iko wapi?"

"Inakuja."

"Nani aliyekuuzia?"

"Rafiki wa rafiki. Mtu mstaarabu sana, hakutaka hata kunisumbua na risiti."

Kadi hiyo, kama Kucha alivyokuja kuelewa, ilikuwa inakuja tangu mwezi uliopita. Lazima ilikuwa inakuja kwa magoti.

Akalizunguka gari. Kioo cha mbele kilikuwa na alama za waipa, mambo ya uzee. Lakini kila kioo cha pembeni, na cha nyuma pia, kilikuwa na kiraka cha mikwaruzo chenye ukubwa wa kiganja, kwenye kona ileile ya chini. Ilikuwa mikwaruzo yenye nidhamu ya jeshi.

"Kaka, hii imetokana na nini?"

"Matawi. Si unajua njia za mashambani."

"Matawi yamechagua kona moja tu, kila kioo?"

"Wewe sugua bwana, acha kunihoji kama hakimu."

Kucha akapitisha ukucha kwenye kioo cha mlango wa dereva. Ukapita, ukapita, kisha ukakwama. Akaufuata mstari uliokwama. Ukakata kona, ukazunguka, ukarudi ulikotoka. Mkwaruzo wa tawi haujui kuzunguka.

Alikoroga unga na maji, akawasha drili, akasugua kiraka kile kwa robo saa huku akikinyunyizia kioo maji kisipate moto. Bosi alisimama kando akimsimamia, kazi aliyoimudu vizuri. Mikwaruzo ya juu ikaondoka. Kucha akafuta kwa kitambaa kikavu, na unga ukabaki ndani ya mistari ya chini tu, wenye rangi ya waridi, unasomeka kama mwandiko wa mwalimu ubaoni. Ilikuwa namba ya gari, ila si ile ya kwenye kibao. Wenye magari wengi huichora kwenye kila kioo ili mwizi akitaka kuibadilisha atokwe na jasho. Huyu alikuwa ametokwa na jasho, lakini msasa wake haukufika chini.

Bosi akainama kutazama kibao cha namba pale mbele, labda kingejirekebisha. Hakikujirekebisha.

"Itakuwa namba ya kiwanda," akasema.

"Kiwanda kinachora halafu kinafuta kwa msasa?"

"Dunia ina mambo." Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Kwani haitoki?"

"Inatoka."

Ilikuwa kweli. Mchongo haukuwa wa kina sana. Kati ya mafundi wote wa mtaa ule, ni yeye tu ambaye angeweza kuisugua namba ile bila kukibonyeza kioo. Siku moja ya kazi, na vioo vyote vingekuwa havina hatia kama mtoto mchanga.

"Basi!" Bosi akapiga makofi.

"Sijasema naitoa."

Bosi akampigia mama yao, akaweka simu kwa sauti kubwa. "Mama, mwanao ananinyima mkate! Kwa doa tu la kioo!"

"Wewe mtoto," sauti ya mama ikatoka, "huyo kaka yako ni kama baba yako. Kioo ni nini? Futa, yaishe."

"Mama, gari ni la wizi."

Mama akapunguza sauti.

"La wizi kidogo, au la wizi kabisa?"

Ng'ambo ya barabara mkaguzi mmoja alikuwa amesimama langoni na kikombe cha chai. Akampungia Kucha mkono. Kucha naye akampungia, mkono umejaa unga.

"Hawatajua," Bosi akanong'ona.

"Najua hawatajua. Wananiamini."

Akatupa kitambaa kwenye ndoo, akafunga banda kwa kufuli, akaingia garini upande wa abiria.

"Twende kituoni."

"Cha mafuta?"

"Cha polisi. Ukilipeleka mwenyewe, umetapeliwa. Wakikukamata nalo, wewe ndiye mwizi. Chagua."

Bosi alichagua, kwa mwendo wa msafara wa mazishi.

Kituoni askari wa zamu alikwenda kukitazama kioo, akarudi akafungua daftari na kuuliza nani aliyegundua. Kucha akafungua mdomo.

"Mimi, afande," Bosi akawahi. "Mimi nina jicho. Nilipoona tu vile vioo, nikasema hapa pana jambo."

Askari akaandika, akamsifu kwa kuwa raia mwema, akalibakiza gari. Rafiki wa rafiki hakupatikana tena kwenye simu. Kazi ya kiwandani ikaenda kwa mtu mwenye kadi.

Jumatatu lango la ng'ambo lilimletea Kucha magari matatu kabla ya saa nne. Wakaguzi hawakujua lolote, wala hakuna aliyekitazama kioo chake mara mbili.

Jumapili iliyofuata walikula kwa mama. Kufikia hapo, kwa masimulizi yake, Bosi alikuwa ameshamkaba muuzaji koo kwa mikono yake mwenyewe. Mama alimsikiliza machozi yakimlengalenga, akamwekea pande kubwa la nyama.

"Ndiyo faida ya kuwa na mtoto mwenye macho," akasema. Kisha akamgeukia Kucha. "Na wewe, siku hiyo ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nasugua kioo, mama."

"Sugua tu, mwanangu," mama akamfariji. "Kila mtu na kipaji chake."