Siku Niliyojiita Mtoto wa Arusha

Mwanangu, kosa ninaloliweka wazi hapa ni langu mwenyewe: nilikana kwetu ili nipendwe na watu nisiowajua.

Nakumbuka likizo moja nikiwa kidato cha tatu, intaneti ndiyo kwanza imefika Sumbawanga: kompyuta nne, foleni hadi barabarani. Niliingia kwenye chumba cha kuchati, nikataja mji wangu kwa fahari, mji ambao watu wa mbali huusingizia uchawi. Jibu likaja kutoka Dar es Salaam: "Jamani, mchawi kaingia! Usiturushie radi, mshikaji!"

Kesho yake nilirudi na jina jipya, nikajiita mtoto wa Arusha. Lakini njia ya mwongo ni fupi. Walipouliza habari za Mlima Meru, nilijibu kwamba huupanda kila Jumapili niendapo kanisani, kumbe ni safari ya siku kadhaa. Vicheko vyao nilivibeba hadi nyumbani. Ugali sikuugusa; nikaapa sirudi shuleni, maana niliamini dunia nzima imesikia.

Wiki hiyo shangazi yangu, mkulima wa ulezi, alikuja kututembelea kutoka Laela. Nilipomweleza yaliyonipata, akanihoji.

"Waliokucheka ni akina nani?"

"Siwajui, shangazi."

"Walikusalimia?"

"Kule hawasalimiani."

Alicheka hadi khanga ikamdondoka. "Yaani mtu hata hujambo hajakupa, wewe umeshampa ugali wako!"

Akanishika mkono hadi kwenye kompyuta zile. Aliwapigia makofi ya salamu watu wote wa foleni, kama desturi yetu Wafipa, kisha akaketi. "Andika: Hamjambo? Mimi shangazi yake ndiye ninayesema. Kwetu sumba ni tupa, wanga ni uchawi. Sisi wetu tuliutupa, mji ukapewa jina. Ninyi wa kwenu mmeuweka wapi?"

Mmoja akaandika: "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba," akaiambia kompyuta. "Haya, twende tukale." Nilikula sahani mbili, na shule ilipofunguliwa nilikuwa wa kwanza getini.

Wahenga walinena: mkataa kwao ni mtumwa. Wewe umati ule unao mfukoni, nao haulali. Usiwape wasiokujua mamlaka ya kukupimia thamani. Moyo ukikulemea, zima simu, umweleze mtu mnayekula naye sahani moja. Aibu ikisemwa hupungua uzito, tena mara nyingine huchekesha.

Mungu akujalie usingizi mtulivu na kicheko cha kweli. Akupe na mtu wa kukushika mkono. Wangu aliitwa Skolastika.